Ngazi za Kupenda na Kuchukia

Madamu hakupenda kuambiwa "nzuri". Ukimwamkia shikamoo alikuitikia marahaba kama watu wote, lakini akikuuliza habari za nyumbani ukamjibu nzuri, hapo umejitafutia. "Nzuri gani?" alikuwa anasema. "Mama yako si amelazwa tangu juzi? Au umefurahi kalazwa?" Mtoto unabaki unatazama vidole vya miguu. Sisi tumelelewa hivyo, na mpaka leo ndivyo tulivyo. Mtu anabisha hodi asubuhi, mnasalimiana, habari nzuri, watoto hawajambo, shamba linaendelea, na hayo yote yakiisha ndipo anakwambia amekuja kukuarifu kwamba baba yako mdogo amefariki. Madamu alisema anaelewa heshima, ila hakuelewa kwa nini heshima lazima ianze na uongo.

Alitufundisha Kiingereza katika shule ya kata upande wa Rudewa. Kila asubuhi alishuka kwenye gari kutoka Magomeni, mjini Kilosa, akiwa na kikapu begani na fimbo yake ya mpera ndani ya kikapu. Jina lake lipo na kina mama wa Magomeni wanalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Wanafunzi, wazazi, makondakta, hata mkuu wa shule, wote walimwita Madamu. Walimu wa kike walikuwa wengi pale shuleni, ila wenzake waliitwa Madamu fulani na Madamu fulani. Yeye alikuwa Madamu basi.

Alikuwa mrefu, mkavu, bega la kikapu limeshuka kuliko la pili. Alitafuna muhogo mbichi huku anasahihisha madaftari, na ukipata daftari lako lina chengachenga za muhogo ujue amelisoma mpaka mwisho. Hakucheka ovyo. Akicheka alijifunika mdomo na kanga kama vile amepiga chafya.

Mambo aliyoyapenda hakuyatangaza sana. Aliyokuwa hayapendi kila mtu aliyajua. Hakupenda mlenda, hakupenda wimbo wa kukaribisha wageni, hakupenda mtu anayesema "tutaona" akimaanisha hapana, hakupenda maziwa mgando wala harufu yake. Waliwahi kumwalika harusini Kidete, wakamletea pilau kwenye sahani ya peke yake kwa kuwa ni mwalimu. Akala kidogo, akaisukuma. Mama wa bwana harusi akaja kuuliza kwa unyenyekevu kama chakula kimefika. "Kimefika," Madamu akasema, "lakini chumvi imezidi. Sikipendi." Kwetu chakula cha mtu hakikataliwi hivyo. Unasema umeshiba, unasema tumbo limekaa vibaya, unasema daktari amekukataza. Yule mama aliingia ndani akalia, siku ya harusi ya mwanawe. Tangu hapo watu wa Kidete wakaacha kumwalika, na Madamu naye akanuna mwaka mzima kwamba watu wa Kidete hawamwaliki.

Basi ungemwona msibani. Huko hakuhitaji kualikwa. Ukifika kwenye msiba wowote, uwe wa Waislamu au wa Wakristo, ukizunguka nyuma ya nyumba utamkuta Madamu amekunja mikono ya gauni, anasugua sufuria kubwa kwa majivu na mchanga. Hakai mbele na walimu wenzake. Hasemi pole kwa mtu. Anasugua mpaka watu wa mwisho wamekula, halafu anajifuta mikono anaondoka. Nilimpenda kwa hilo kabla sijajua kwamba ninampenda.

Sasa niseme habari ya somo lenyewe. Kwenye muhtasari wa kidato cha kwanza ilikuwapo mada ndogo ya kueleza unachopenda na usichopenda. Walimu wengine huimaliza kwa vipindi viwili: andika "I like", andika "I don't like", toa mifano kumi, futa ubao. Madamu aliishika mada hiyo kama roho yake. Alisema mtu anayejifunza lugha ya kigeni haanzi na jina lake wala umri wake, maana hayo hata kitambulisho kinasema. Anaanza na kusema hiki ninakitaka na hiki sikitaki.

Darasa letu lilikuwa jengo la zamani la shamba la mkonge, ofisi ya mabwana wakubwa wa enzi hizo, limeinuliwa juu ya msingi wa mawe, na mbele yake zilikuwapo ngazi tano pana za saruji. Madamu alitutoa nje, akachukua chaki akaziandika. Ngazi ya juu kabisa "I love". Inayofuata "I like". Ya katikati "I don't mind", yaani kwangu vyote sawa. Chini yake "I don't like". Na ya mwisho kabisa, karibu na vumbi, "I hate". Kila mwanafunzi alipaswa kutaja kitu, kisha aende akasimame kwenye ngazi yake na aseme sentensi kwa sauti, darasa zima linamsikiliza.

Kumbe alikuwa ametupa mtihani tusiouweza. Wote tulikimbilia juu. "I like ugali." "I like beans." "I like mathematics." Ngazi ya pili ikajaa mpaka watu wakawa wanashikana viuno wasianguke. Mtoto wa watu atasimamaje mbele ya mtu mzima aseme hapendi? Madamu alimvuta mmoja kwa mkono.

"Hesabu umepata ngapi?"

"Sita, Madamu."

"Sita kwa mia. Na unazipenda?"

"Ndiyo, Madamu."

"Shuka."

Msichana mmoja, kwa hofu tu, alipanda akasema "I like malaria", maana mdomo ulishazoea. Wengine walioshuka ngazi ya nne wakasema hawapendi nyoka. Madamu akawafukuza. "Nyoka hapendwi na yeyote. Hujaniambia kitu. Kaa chini, wewe muongo." Hilo ndilo neno lake pale kwenye ngazi, muongo, kaa chini. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mpishi anayetoa kokoto kwenye mchele.

Akaweka sheria moja, na sheria hiyo aliishika. Fimbo ya mpera aliiegemeza ukutani. "Juu ya ngazi hizi," alisema, "hachapwi mtu kwa kusema kweli. Hata ukinitukana." Siku iliyofuata kijana mmoja mkorofi akasimama ngazi ya nne akasema, "I don't like you, Madam." Tukainamisha vichwa kungoja kishindo. Madamu akamuuliza kwa nini. Akajibu kwa sababu unatuchapa. "Good," akasema Madamu. "Next." Kesho yake yule kijana alichelewa namba ya asubuhi akachapwa kama kawaida, na alipolalamika aliambiwa hayo ni mambo mengine.

Zamu yangu ilipofika nilishuka ngazi ya nne, nikasema sipendi kuchota maji wakati kaka zangu wamekaa wanatazama mpira. Kwa Kiingereza kibovu, lakini nilisema. Madamu hakunisifu. Alinitazama tu akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Mwanaidi, hilo ni lako. Lishike." Nilikwenda nyumbani nikachota maji kama kawaida, hakuna kilichobadilika, lakini ndoo ilikuwa imeacha kuwa sehemu ya mwili wangu. Sijui kama naeleweka. Leo niko Mikumi, mapokezi kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, na mgeni akinishika mkono nisipotaka namwambia sipendi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na sauti haitetemeki. Hiyo ni kazi ya Madamu. Naisema mapema, maana yanayofuata si mazuri.

Kabla ya hayo nitaje jambo moja ambalo mama yangu, aliyekuwa akiuza nyanya Magomeni, alilisimulia siku zote kwa sauti ya chini. Mume wa Madamu alipotaka kuoa mke wa pili aliita wazee wakae sebuleni, na wakamuuliza Madamu mbele ya watu anasemaje. Huyu aliyekataa pilau ya harusi, huyu aliyewavua watoto wa watu uongo hadharani, alikaa kwenye kiti chake mikono mapajani akasema, "Mkiona sawa, ni sawa." Kisha akaenda kuwachemshia chai. Mume alihamia kwa bi mdogo kidogo kidogo, shati moja leo, viatu kesho, na Madamu hakuwahi kulitaja. Mama alisema wazee walitoka pale wanamsifu kwa busara. Mimi nikimkumbuka Madamu namwona anamimina chai ile, na roho inaniuma.

Darasani tulikuwa mchanganyiko. Walikuwapo watoto wa wakulima, wajukuu wa waliokata mkonge, na watoto wachache wa wafugaji. Wazazi wetu huko mashambani hawakuwa wakipatana. Ng'ombe wakiingia kwenye mahindi, watu walitoka na mapanga. Mkulima akilima njia ya kwenda mtoni, watu walitoka na fimbo na mikuki. Sisi watoto tulikaa dawati moja na tulikopeshana kalamu. Yohana, mtoto wa mfugaji, alikuwa mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko sisi sote, na Madamu alimpenda ingawa hakusema. Ulijua kwa kuwa daftari lake ndilo lililojaa chengachenga za muhogo.

Wiki ile ng'ombe walikuwa wamelala ndani ya shamba la kina Shabani, na asubuhi halikubaki hata bua. Shabani alikuja shuleni macho mekundu. Zamu yake ilipofika alishuka ngazi zote mpaka ya mwisho, akasimama vumbini, akasema taratibu kama mtu anayesoma, "I hate the cattle people." Kisha akanyoosha kidole kwa Yohana.

Wote tulimtazama Madamu. Naamini alijua hapo hapo kwamba hili si la kuliacha. Nilimwona akiitazama fimbo ukutani. Lakini alikuwa ameapa, na alikuwa mtu wa kushika alichoapa hata kikimuunguza. "Hiyo ni kweli yako," alimwambia Shabani. "Kaa." Halafu akasema, "Yohana. Zamu yako."

Yohana alipanda ngazi. Alipanda mpaka ile ya juu kabisa, akageuka, akatutazama wote, akasema, "I love my class." Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Muongo," Madamu akasema. "Kaa chini."

Alisema kama alivyosema kwa wale wa nyoka, kwa mazoea yale yale. Yohana akashuka. Kengele ikalia, tukaenda kunywa uji.

Siku hiyo ingeishia pale kama si njia ya kurudi nyumbani. Njiani kuna aliyeanza, sijui nani, kuisema ile sentensi ya Shabani kwa mdundo wa nyimbo za mchakamchaka. Wengine wakaitikia. Tukaiimba wote, na mimi nikiwemo, tukipiga makofi, kutoka shuleni mpaka bombani na kutoka bombani mpaka njia panda. Kesho yake tena. Ilikuwa tamu mdomoni, na Yohana alitembea mbele yetu peke yake akiwa ameshika mkanda wa begi lake. Watu wazima waliokaa vibarazani walitutazama wakifurahi. Hawakujua Kiingereza. Walisema watoto wa siku hizi wanasoma, hata wakitembea wanasoma. Baba yake Yohana mwenyewe alitukuta na ng'ombe wake, akasimama kutupisha, akatabasamu, akasema "Haya, haya, vizuri wanangu." Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, tukaendelea kuimba. Yohana hakumtafsiria.

Madamu naye alitusikia kwa mbali akiwa anangoja gari. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba moyo ulimjaa fahari. Alifikiri, leo wanaitumia lugha bila kulazimishwa. Siku ya tatu ndipo tulipita karibu naye akasikia maneno. Alitucharaza pale pale barabarani, wakubwa kwa wadogo, mpaka fimbo ikakatika, na wazazi wakamgombeza kwamba anawachapa watoto kwa kusoma.

Yohana alikuwa ameshaacha kuja. Madamu alimfuata kwao kwa miguu, nikiwa nimemsindikiza kuonyesha njia. Baba yake alitupokea vizuri sana. Akamketisha mwalimu kwenye kigoda, akaleta kibuyu cha maziwa mgando. Madamu aliyapokea kwa mikono miwili, akanywa yote, na hakukunja uso. Mzee akasema Yohana amekwenda na ng'ombe mbali, malisho yameisha, na mwenyewe amesema shule imemshinda. Kisha akasema, "Asante, mwalimu, kwa watoto hawa. Nawasikia njiani wanavyozungumza Kiingereza, nafurahi." Nilimtazama Madamu nikingoja aseme kweli. Alifungua mdomo, akaufunga, akasema maziwa ni mazuri.

Kiangazi kile watu walipigana mashambani. Sitaki kusimulia sana. Yohana alikuwa na mdogo wake wakichunga, watoto wote wawili, wakakutana na kundi lililokuwa likitafuta wafugaji wowote wale. Mdogo wake aliuawa. Yohana alikatwa panga mkononi, akambeba mdogo wake kwa mkono uliobaki mzima mpaka nyumbani. Familia ikahama na mifugo yao, na hatukujua walielekea wapi.

Ugomvi wa Rudewa ulikuwapo kabla Madamu hajaingia kwenye ualimu, na nilimwambia hivyo mara nyingi. Hakuna aliyekwenda shambani na panga kwa sababu ya wimbo wa watoto. Alinisikiliza, kisha alisema jambo lile lile kila mara: "Siku ile, saa ile, yule mtoto angekuwa darasani." Tangu mwaka ule hakufundisha tena mada ya kupenda na kutopenda. Mdogo wangu, aliyefundishwa naye miaka michache baadaye, aliniambia Madamu alifika ukurasa huo akasema, "Huu mtausoma wenyewe nyumbani," akafunua unaofuata. Ngazi zilibaki bila chaki.

Na kila mwanafunzi wa zamani aliyepita Magomeni kumwamkia, baada ya kustaafu kwake, aliulizwa swali moja kabla hajakaa: "Umemwona Yohana?" Watu walianza kumkwepa kwa ajili ya swali hilo. Wengine walisema ni uzee. Alichotaka kilikuwa wazi, aliniambia mwenyewe, hakuficha. Alitaka Yohana apewe zamu yake tena. Alitaka amwambie machoni, kwa lugha yoyote, kwamba anamchukia. "Nilimwita muongo kwa sababu alikuwa anadanganya," alisema. "Basi aniambie ile kweli aliyokuwa ameificha. Sitaki nife na deni hilo."

Mwaka jana nikamwona. Kuna kambi ya watalii pembeni ya barabara, nje kidogo ya Mikumi, nilikuwa nimempeleka mgeni aliyesahau begi lake. Mlinzi aliyefungua geti alikuwa mtu mzima sasa, mkono mmoja umekakamaa, lakini mwandiko kwenye daftari la wageni nilikuwa naujua. Tukasalimiana, habari nzuri, kazi nzuri. Nilipompigia Madamu simu aliniuliza tu gari la kwanza kutoka Kilosa linaondoka saa ngapi.

Alishuka stendi ya Mikumi miguu imevimba, ugonjwa wa sukari umemmaliza, amevaa gauni lake la mahafali. Nikachukua bajaji. Njiani alimwambia dereva apunguze muziki kwa kuwa haupendi.

Yohana alitoka kwenye kibanda chake akamtambua palepale. Alivua kofia. "Shikamoo, Madamu."

Madamu hakuitikia. Aliutazama ule mkono. Kuacha shikamoo ya mtu ikining'inia hewani si jambo dogo kwetu, hata mwenda wazimu huitikiwa, na Yohana alisimama akingoja akiwa ameinamisha kichwa kama mtoto. "Marahaba," Madamu akasema mwishowe, na sauti ilikuwa haina nguvu. Yohana akamletea kiti chake cha plastiki, yeye akabaki amesimama.

"Madamu unakunywa soda gani?"

"Yoyote," akasema Madamu. Sijawahi kumsikia akisema neno hilo.

Soda ikaja, hakuigusa. "Yohana," akaanza, "nimekuja kwa jambo moja. Siku ile kwenye ngazi ulisema unalipenda darasa lako, nikakwambia muongo, ukaondoka shule. Yaliyokukuta unayajua wewe. Nimekuja unipe kweli yako. Kama unanichukia, nitamkie. Mimi nitaipokea."

"Madamu, hayo yamepita. Nilikuwa mtoto."

"Na mdogo wako?"

Yohana alitazama barabarani lilikopita lori. "Mdogo wangu waliomuua nawajua kwa sura. Wewe hukuwapo, Madamu."

"Ningekutetea siku ile, ungekuwa darasani."

"Mungu alipanga."

"Usimwingize Mungu. Nakuuliza wewe."

"Mimi nakushukuru, Madamu. Hii kazi nimeipata kwa Kiingereza chako."

Akatabasamu. Tabasamu lile nalijua, hata mimi ninalo, nalivaa kila asubuhi pale mapokezi. Kabla Madamu hajasema lingine, gari la watalii lililotoka mbugani likapiga honi. Yohana akakimbia kufungua geti kwa mkono mmoja, akainama dirishani, akawauliza kwa Kiingereza safi kama wamewapenda tembo. Mzungu mmoja wa kike akajibu wamewapenda sana, ila vumbi hawakulipenda, na wote wakacheka, Yohana naye akacheka nao. Madamu alisikiliza akiwa ameinamisha sikio, kama alivyokuwa akisikiliza darasani. Machozi yalimtoka, hakuyafuta, na alijaribu mara mbili kuinuka asiweze.

Tulimwinua wote wawili. Yohana alimshika kiwiko kwa upole, akamwingiza kwenye bajaji, akamkunjia gauni lisiburuzwe. "Safari njema, Madamu. Asante kwa kuja kunitazama." Kisha akanivuta pembeni kidogo, nyuma ya kibanda.

"Dada Mwanaidi," akasema, "nakuomba usimlete tena."

Nikamuuliza kama Madamu amemkosea.

"Simpendi yule mama," akasema. Hakupandisha sauti. "Sijawahi kumsamehe hata siku moja. Lakini ni mtu mzima, siwezi kumtamkia. Na nikimtamkia atakwenda kulala vizuri. Sitaki alale vizuri."

Akavaa kofia yake, akarudi getini.

Bajaji ilipoingia barabara kuu Madamu aliniuliza, "Amekuambia nini kule nyuma?"

"Amesema karibu tena."

Alinigeukia akanitazama kwa muda mrefu, yule mwanamke aliyekuwa akiwatoa waongo mmoja mmoja mbele ya darasa. Nilingoja. Kisha nikaona uso wake unalegea, mgongo unanyooka kidogo kwenye kiti.

"Leo ameona haya," akasema. "Hakunitegemea. Mvua zikikatika utanileta tena, na safari hiyo atasema."

Nikamwambia ndiyo, Madamu, atasema.